Maswali ya Wasomaji: Kalenda ya Majilio ya Kujitengenezea Nyumbani

Likizo ndefu imefika, watoto wako nyumbani, na barua nyingi za mwezi huu zimeuliza jambo moja. Kwa asiyeijua, kalenda ya Majilio, yaani majuma ya kusubiri Krismasi, ni mifuko au vijisanduku 24 vyenye nambari. Mtoto hufungua kimoja kila siku kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mkesha wa Krismasi, na ndani hukuta kitu kidogo: peremende, aya ya kusoma, au kazi ya kufanya siku hiyo. Za dukani zipo, lakini nyingi ni za karatasi na hutupwa Januari. Ya kushona hukaa miaka.

Hamjambo wahariri. Nina watoto watatu na cherehani. Nataka kushona kalenda ya kitenge. Ninunue kitambaa kiasi gani, na vipimo ni vipi? Mwaka jana nilijaribu, nyuzi za kufungia hazikupita mdomoni na kamba ukutani ikalegea mpaka mifuko yote ikakusanyika katikati.
*Mama wa watatu, Kondele, Kisumu*

Mama, mita moja inatosha na vipande vinabaki. Kitenge cha kawaida kina upana wa karibu sentimita 115. Kata vipande vya sentimita 12 kwa 30. Kwa upana vinaenea tisa, na kwa urefu wa mita moja unapata safu tatu, yaani vipande 27. Unahitaji 24, kwa hivyo hata ukiharibu kimoja au viwili hurudi sokoni.

Kabla mkasi haujagusa kitambaa, kifue, kianike, kipige pasi. Kitenge kipya huwa kigumu kwa sababu ya dawa waliyokitia kiwandani, na kikifuliwa baada ya kushonwa hunywea na mfuko kupinda upande.

Sasa tatizo la uzi. Wengi hushona pande za mfuko kwanza, halafu mdomo. Geuza mpangilio huo. Anza na ncha mbili fupi: kunja nusu sentimita, kunja tena sentimita moja na nusu, shona mstari chini ya mkunjo. Hapo umepata njia ya uzi. Kisha kunja kipande katikati, upande mzuri ukiwa ndani, na ushone pande zote mbili, sentimita moja kutoka ukingoni, kutoka chini kwenda juu. Simama pale mstari wa mkunjo ulipo. Ukiendelea mpaka juu kabisa umeziba njia, na hilo ndilo lililokupata mwaka jana. Rudisha cherehani nyuma mishono mitatu mahali unaposimama, la sivyo hapo ndipo mfuko utakapoanza kufumuka mtoto akivuta. Ugeuze, sukuma pembe kwa nyuma ya penseli, na una mfuko wa sentimita 10 kwa 13.

Uzi wa kufungia ni sentimita 40 kwa kila mfuko, yaani mita 10 kwa yote 24 na akiba kidogo. Ushike kwenye pini, upitishe upande mmoja, urudi upande wa pili, halafu funga fundo.

Nambari usiziandike juu ya kitenge chenyewe. Maua yake huzimeza. Kata miduara ya kitambaa cheupe yenye kipenyo cha sentimita nne (shati kuukuu la shule linafaa sana), andika kwa kalamu ya wino usiofutika, kisha uishone. Gundi juu ya kitenge haidumu. Kama mdogo wenu bado anajifunza kuhesabu, panga nambari kwa mfuatano. Wakubwa wapangie ovyo waitafute ya leo, kwani kuitafuta ni nusu ya raha yenyewe.

Kuhusu kamba kulegea: mifuko 24 yenye gramu 30 kila mmoja ni gramu 720, karibu robo tatu ya kilo. Uzito huo kwenye kamba moja yenye misumari miwili lazima ushuke katikati, na mifuko huteleza ikiufuata. Tafuta fito tatu za mita moja na sentimita 20. Chora alama nane kwenye kila ufito, moja kila baada ya sentimita 14, na kwa kisu toboa pengo dogo juu ya kila alama ili uzi usiteleze. Fungia mifuko nane kwa kila ufito, kisha ning'iniza fito moja chini ya nyingine zikiachana sentimita 30. Uzito wote sasa unabebwa na kamba mbili za pembeni.

Nyumba ya kupanga ambayo mwenyewe hataki misumari, funga ufito wa juu kwenye grili ya dirisha au bomba la pazia. Ukuta wa udongo haushiki msumari kwa uzito huo. Fungia kwenye boriti. Lakini dirisha linalopigwa na jua la mchana liepuke, kama jibu linalofuata litakavyoonyesha.

Tulijaza chokoleti zote tarehe 1. Kufikia tarehe 5 zilikuwa uji, na asubuhi ya tarehe 7 sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka dirishani hadi mfuko wa 19. Tufanyeje?
*Mzazi, Manyatta, Kisumu*

Kosa ni moja, nalo ni kujaza yote siku ya kwanza. Chokoleti huanza kulainika joto likikaribia nyuzi 30, na nyuzi 34 hivi huyeyuka kabisa. Kisumu mchana wa Desemba hufika nyuzi 30 nje, na ndani ya nyumba ya bati isiyo na dari hupita hapo. Nakuru, kwa sababu ya mwinuko wake, chokoleti inaweza kukaa ukutani wiki nzima bila tatizo. Kwenu haiwezi.

Chokoleti iliyoyeyuka ikaganda tena hutoka weupe juu. Huo si ukungu, ni mafuta yake yamepanda. Inalika.

Badala yake weka vitu visivyoogopa joto: peremende ngumu zilizofungwa moja moja, vipande vya simsim na sukari, mabuyu, njugu zilizokaangwa. Njugu na simsim hutoa mafuta na kuacha doa kwenye kitambaa, kwa hivyo zifunge kwanza kwa karatasi ya kuokea au mfuko mdogo wa kaki. Vijifuko vya nailoni tuliyozoea zamani vilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, na kaki inatosha. Mtoto wa chini ya miaka mitano usimpe njugu nzima wala peremende ngumu. Huziba koo. Mpe kipande cha biskuti laini.

Sisimizi hawatoki hewani, hupita kamba. Paka mafuta mazito ya kujipaka, yale ya mgando, kwenye kila msumari na sentimita tano za kwanza za kila kamba. Miguu yao hunata, wanarudi. Angalia ufito usiguse ukuta wala pazia, maana hilo ni daraja lingine. Mafuta hushika vumbi, kwa hivyo futa na upake upya kila siku nne au tano.

Chakula kiingie mfukoni usiku wa kuamkia siku yake, watoto wakishalala. Aya na kazi za kufanya ndizo unazoweza kuweka mapema. Faida ya pili: hakuna wa kuchungulia mfuko wa tarehe 20 akakuta kitu.

Nimekusanya boksi za kiberiti 24 nikazigandisha ziwe kabati la droo. Sasa nusu ya droo hazifunguki, na kabati lote limeinama.
*Mwanafunzi, Busia*

Gundi imeingia ndani ya maganda. Ukiibana boksi tupu wakati gundi ni mbichi, ganda hulala upande na gundi hupenya pembeni. Dawa ni kugandisha droo zikiwa ndani, kwa sababu ndizo zinazolishikilia ganda likae mraba. Paka gundi nyeupe kidogo sana, tone la ukubwa wa punje ya mtama katikati ya kila uso, si kwenye kingo. Jenga nguzo nne za boksi sita, ziache zikauke usiku kucha chini ya kitabu chepesi, kisha unganisha nguzo nne kuwa kabati moja. Ukigandisha zote 24 kwa mkupuo zinateleza, na ndiyo sababu lako limeinama. Kwa boksi za kawaida kabati huwa na upana wa sentimita 14 hivi na kimo cha 9.

Zilizokwisha kuganda, pitisha wembe taratibu kati ya droo na ganda. Nyingi zitaachia.

Kabla ya kujenga, funika pande za kuwashia kwa karatasi, maana ile rangi ya kahawia huchafua vidole na peremende. Kwa kishikio, toboa uso wa droo kwa sindano, pitisha uzi wenye ushanga, fungia fundo ndani. Usitumie gundi ya unga wa ngano hapa. Kwa karatasi ya ukutani ni sawa, lakini kwenye vijisanduku vilivyobanana haikauki vizuri, huota ukungu, na mende huipenda.

Droo hizi ni ndogo: peremende moja, au karatasi iliyokunjwa mara nne. Hilo si kasoro.

Watoto wangu ni watano. Mifuko 24 haigawanyiki kwa tano na kila mwaka kuna anayelia.
*Baba, Webuye*

Baba, ongeza mfuko wa 25 wa siku ya Krismasi yenyewe, kila mmoja apate mara tano. Mdogo achukue tarehe 1, 6, 11, 16 na 21. Anayemfuata 2, 7, 12, 17 na 22. Mwendo huo huo hadi wa tano, naye ndiye mwenye tarehe 25. Andika majina nyuma ya nambari kabla ya mwezi kuanza, watoto wakiona. Wakiwa wawili, watatu, wanne, sita au wanane, 24 inatosha kama ilivyo.

Anayefungua awe ndiye anayegawa. Weka vitu vitano, yeye achukue cha mwisho.

Kanisani Majilio huanza Jumapili, lakini kalenda huanza tarehe 1. Nifuate ipi? Na ningependa Maandiko yawe ndani, si peremende tu.
*Katekista, Mumias*

Mwalimu, tarehe 1 ni mazoea ya wachapishaji, ili kalenda moja iuzike kila mwaka. Kikanisa, Majilio huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na sikukuu ya Mtakatifu Andrea, 30 Novemba, kwa hivyo huangukia kati ya 27 Novemba na 3 Desemba, na hadi mkesha wa Krismasi ni siku 22 hadi 28. Mwaka 2026 ni tarehe 29 Novemba, siku 26. Mwaka 2027 ni tarehe 28 Novemba, siku 27. Mwaka 2028 ni tarehe 3 Desemba, siku 22 tu. Ukishona mifuko 28 umemaliza kazi ya maisha. Mwaka mfupi unaiacha mingine kabatini. Nambari zifunge kwa pini badala ya kushona, na mifuko minne ya Jumapili iwe ya rangi nyingine: mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi kwa Jumapili ya tatu.

Kwa Maandiko kuna njia mbili. Injili ya Luka ina sura 24, sura moja kwa siku kuanzia 1 Desemba. Inafaa vijana na watu wazima, ila mkesha wa Krismasi mtakuwa mnasoma Ufufuko, jambo ambalo wengine hulipenda na wengine huwachanganya. Kwa watoto tunashauri sura mbili za kwanza peke yake. Ya kwanza ina aya 80: aya tatu au nne kwa siku kwa siku 23 za mwanzo. Usikate kwa hesabu tupu lakini. Malaika akiwa katikati ya kusema na Mariamu, maliza mazungumzo hata aya zikifika kumi, siku nyingine zitakuwa mbili. Na kuzaliwa kwenyewe, Luka 2:1–20, kuweke tarehe 24. Zile za baadaye kuhusu Simeoni na Hekalu zipe mifuko ya siku baada ya Krismasi, au uziache.

Andika kwa mkono, herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi. Mtoto anayejifunza kusoma akipewa karatasi iliyojaa atampa dada yake amsomee.

Wanangu, sisi ni wa Kanisa la Marafiki (Quakers), na huku kwetu hatukulelewa na mambo ya Majilio. Wajukuu wameyaleta kutoka mjini. Je, hii kalenda ni ya dhehebu gani? Nami sina pesa za kununua vitu 24.
*Nyanya, Kaimosi*

Shikamoo Nyanya. Ilianza kwa Walutheri wa Ujerumani katika karne ya 19, majumbani mwao zaidi kuliko kanisani. Marafiki kwa desturi hawakuzipa siku fulani heshima kuliko nyingine, kwa hivyo hukupitwa na kitu. Siku hizi familia za kila dhehebu huitumia, na haina ibada wala sala yake maalum inayokulazimu.

Kuhusu pesa, tazama walivyoanza. Kabla ya mtu yeyote kuchapisha kalenda, familia zilichora mistari 24 kwa chaki mlangoni, na mtoto akafuta mmoja kila siku. Kalenda za kuchapwa zilikuja mwanzoni mwa karne ya 20, na Gerhard Lang wa Munich ndiye aliyezieneza. Chaki moja yatosha, Nyanya. Chora mistari kwa urefu wa mjukuu mdogo, upande wa ndani wa mlango mvua isipofika, na kila mstari unapofutwa wape jambo moja lako: methali, wimbo, jina la babu wa babu yao, namna ya kusuka mkeka. Mambo hayo 24 hakuna duka linaloyauza, na tungefurahi kuyasikia.

Tunaishi Nakuru lakini tarehe 18 tunapanda matatu kwenda nyumbani Siaya. Kalenda ibaki au iende? Huko kuna binamu tisa.
*Mama wa wawili, Nakuru*

Iende. Ikibaki, siku saba za mwisho, ambazo ndizo watoto wanazozisubiri, zinapotea. Kwa sababu ya safari, dada, usitengeneze ya trei ya mayai wala ya boksi, tengeneza mifuko. Usiku wa tarehe 17 fungua mifuko ya 18 hadi 24 kutoka kwenye ufito, ipange ndani ya kikebe kikubwa chenye kifuniko, na uibebe mapajani, si kwenye buti wala juu ya gari. Mfuko wa 18 uwe na kitu cha kula njiani.

Kuanzia tarehe 19 badilisha yaliyomo. Kitu kimoja kwa watoto kumi na mmoja ni ugomvi, na vitu kumi na moja haviingii mfukoni. Weka karatasi yenye jambo la wote: leo tunamchotea nyanya maji kabla ya saa nne, leo tunaimba kwa jirani mgonjwa, leo kila mtu anaandika jina lake kwenye karatasi ya kupamba sebule, leo kuna miwa. Miwa unainunua huko huko.

Je, trei ya mayai inafaa kwa darasa la chekechea?
*Mwalimu, Kakamega*

Inafaa sana. Trei ina matundu 30, safu tano za sita. Kata safu moja kwa kisu chenye meno, zinabaki 24 kamili. Nunua trei mpya kwenye agrovet. Iliyobeba mayai huwa na uchafu wa kuku na vijidudu vya kuharisha, na haioshwi kwa sababu ikilowa husambaratika. Funika kila tundu kwa mduara wa karatasi laini, gundi ikae kwenye ukingo tu, mtoto apasue kwa kidole. Karatasi ya manila ni ngumu mno, wataing'oa pamoja na ya jirani. Jaza kabla ya kufunika, na usiweke chakula kisichofungwa.

Tunataka pia shada la Majilio la mishumaa minne, lakini tunaogopa moto.
*Familia, Njoro*

Mnaogopa kwa haki. Matawi ya msaiprasi, yale yale ya mti wa Krismasi, yana utomvu, na yakikauka wiki mbili hushika moto kwa ghafla. Shada lenyewe lilianzia Hamburg mwaka 1839, pale Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akilea watoto maskini, alipotundika gurudumu lenye mishumaa midogo ya siku za kawaida na minne mikubwa ya Jumapili.

Shada lenu lisimame mezani. Chukueni sinia la bati, mwageni mchanga wa kina cha sentimita nne, na mzike mishumaa humo ikiachana sentimita 12. Matawi yazunguke nje ya sinia, yasiingie kati ya mishumaa, na myabadilishe kila Jumamosi. Utepe wa zambarau ufungwe kwenye sinia, si kwenye mshumaa. Mshumaa wa kwanza huwaka Jumapili zote nne, wa mwisho moja tu, kwa hivyo washeni dakika 15 wakati wa chakula na mzime. Ukiachwa usiku mzima Jumapili ya kwanza hautafika ya tatu. Stima ikipotea, tumieni taa nyingine. Mishumaa ya shada ikishaanza kuhamishwa jikoni na chumbani, hairudi mchangani.